Kati ya Ngoma Zote za Kolombia, Tuchague ya Palenque

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba tembea uone, nao hawakukosea. Ila hawakutufundisha namna ya kuchagua pa kutembea endapo nauli iliyopo ni ya safari moja na msafiri ni mmoja. Swali hilo ndilo lililotukalisha kitako muhula uliopita, katika kikao cha chama chetu, pale mwalimu mlezi alipotutupia mada ya mjadala: iwapo angetokea mhisani wa kumgharimia mwanachama mmoja aende Kolombia kuhudhuria tamasha moja la utamaduni, je, aende lipi? Mada ilitolewa kama mazoezi ya kupima ulumbi wetu. Kufikia saa tatu za usiku hapakuwa na mazoezi tena; palikuwa na watu waliokasirikiana. Kura zilipohesabiwa, Kanivali ya Barranquilla ilishinda kwa mbali. Pendekezo langu, Tamasha la Ngoma la San Basilio de Palenque, liliburuta mkia.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, nami nakiri kwamba nilishindwa. Hata hivyo, kushindwa kwa kura si kushindwa kwa hoja. Makala hii basi ni rufaa yangu mbele ya wasomaji wa jarida hili. Siiandiki kwa sababu ya kura ile peke yake. Naiandika kwa sababu ya kauli moja iliyotolewa usiku ule, ambayo wengi waliicheka, na ambayo mimi haijanitoka moyoni hadi leo. Nitaifikia.

Matamasha yaliyowania kura

Kwanza, ni haki kuyatendea insafu matamasha mengine, kwani anayesifia kilicho chake pekee hushukiwa. Kolombia ni nchi ya sherehe. Ni miongoni mwa nchi za Amerika ya Kusini zenye watu wengi sana wenye asili ya Kiafrika, na bandari yake ya Cartagena ilikuwa lango kuu la kuingizia watumwa katika makoloni ya Uhispania. Kwa hiyo, popote uendapo katika pwani zake mbili, ile ya Karibi na ile ya Pasifiki, utaisikia ngoma ambayo mababu zake walivuka bahari wakiwa na minyororo.

Barranquilla, iliyoshinda kura, ni mji ulio karibu na mahali Mto Magdalena unapomwagikia Karibi. Kanivali yake huchukua siku 4 zinazoitangulia Jumatano ya Majivu. Jumamosi huwa na gwaride la Vita vya Maua, lililoanza mwaka 1903, mara tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu miaka mitatu. Jumapili huwa zamu ya ngoma za jadi: kumbia, mapale, garabato, ambayo huigiza mapambano ya uhai na mauti, na ngoma iitwayo kwa jina la Kongo, ambayo asili yake huhusishwa na vyama vya Waafrika wa Cartagena ya enzi za utumwa. Jumanne watu humzika Joselito, sanamu inayowakilisha kanivali yenyewe, huku wakilia machozi ya kicheko. UNESCO iliitangaza kanivali hii kuwa tunu ya urithi wa binadamu mwaka 2003. Mwenye kupinga ukuu wake anashindana na jua.

Pasto, kusini kabisa katika milima ya Andes, huwa na Kanivali ya Weusi na Weupe mapema Januari. Tarehe 5 watu hujipaka masizi, tarehe 6 hurushiana unga mweupe. Simulizi za huko huiunganisha siku ya masizi na siku moja ya uhuru waliyopewa watumwa. Mwenzetu aliyeitetea alieleza kwamba mzungu kujipaka weusi kwa heshima ya mtumwa ni jambo jema. Mwingine akamuuliza ni nani anayenawa jioni na ni nani asiyeweza kunawa. Hapakuwa na jibu, na nadhani swali hilo lastahili makala yake.

Cali huwa na Tamasha la Petronio Álvarez kila Agosti tangu mwaka 1997, mahali ambapo watu wa pwani ya Pasifiki hukutana kwa muziki wao. Chombo chao kikuu kinaitwa marimba. Naam, marimba! Hatuhitaji kamusi. Quibdó, katika jimbo la Chocó, humsherehekea Mtakatifu Fransisko wa Asizi kwa majuma kadhaa, Septemba hadi Oktoba, na kila mtaa huwa na zamu yake ya kucheza barabarani. Medellín nayo ina Tamasha la Kimataifa la Ushairi, lililoanzishwa mwaka 1991 wakati mji huo ulikuwa umetekwa na mauaji ya walanguzi wa dawa za kulevya. Watu waliokuwa wakiogopa kutoka nje jioni walitoka kusikiliza mashairi. Mwaka 2006 tamasha hilo lilipewa Tuzo ya Right Livelihood. Mimi ni mpenzi wa ushairi, nami nakiri kwamba hapa nusura niihame kambi yangu.

Lakini mshindani wangu mzito kuliko wote alikuwa Valledupar. Huko, kila mwaka ifikapo mwishoni mwa Aprili, hufanyika Tamasha la Visasili vya Vallenato, lililoanzishwa mwaka 1968 na Consuelo Araújo Noguera, Rafael Escalona na Alfonso López Michelsen. Vallenato ni muziki wa kodiani, ngoma ndogo ya mkono na chombo cha kukwaruzwa, na nyimbo zake asilia zilikuwa magazeti ya wachunga ng'ombe: zilisafirisha habari za mapenzi, vifo na ugomvi kutoka kijiji hadi kijiji. Mfalme wa kwanza wa tamasha hilo alikuwa Alejo Durán, mtu mweusi aliyewahi kuchunga ng'ombe. García Márquez mwenyewe, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982, aliwahi kusema kwa utani kwamba riwaya yake maarufu kuliko zote ni wimbo mmoja mrefu wa vallenato. Isitoshe, tamasha lina shindano liitwalo piquería, ambamo malenga wawili husimama jukwaani na kurushiana beti za papo kwa papo, kila mmoja akitaka kumziba mwenziwe mdomo. Mwana-Kiswahili aliyelelewa kwa malumbano ya Muyaka na washairi wa Mambasa angejihisi nyumbani. Iwapo rufaa yangu itakataliwa, basi na iwe Valledupar, wala si kanivali.

Kauli yenyewe

Sasa nije kwenye kauli niliyoitaja. Nilipomaliza kulitetea Tamasha la Ngoma la Palenque, ambalo hufanyika kila Oktoba katika kijiji kilicho takriban kilomita 50 kutoka Cartagena, mwenzetu mmoja, msemaji hodari, alisimama akauliza: "Mwanafunzi wa chuo kikuu avuke bahari kuu akasome nini katika kijiji cha watu elfu chache wanaozungumza Kihispania kibovu?" Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Hapo ndipo hoja yangu ilipozama.

Kihispania kibovu. Maneno hayo mawili mwenzetu hakuyabuni yeye. Ndiyo maneno waliyotupiwa watu wa Palenque kwa vizazi vingi walipokwenda Cartagena kuuza matunda na peremende, au walipokwenda kutafuta vibarua katika mashamba ya miwa. Walichekwa sokoni na shuleni, hadi wazazi wengi wakaacha kuzungumza na watoto wao kwa lugha yao ili kuwanusuru na aibu. Kumbe lugha hiyo haikuwa Kihispania, kizima wala kibovu. Mwaka 1970, Derek Bickerton na Aquiles Escalante walichapisha makala kuonyesha kwamba ni krioli, yaani lugha kamili yenye sarufi yake, iliyozaliwa kutokana na kukutana kwa Kihispania na lugha za Kiafrika. Mwaka 1983, Nina de Friedemann na Carlos Patiño Rosselli wakaitolea kitabu. Waliokuwa wakichekwa walikuwa na sarufi. Waliocheka ndio waliokosa elimu.

Naomba msomaji aniwie radhi nikijitaja. Nilisoma shule ya msingi ambamo mtoto aliyesikika akizungumza lugha ya mama alivishwa shingoni kibao tulichokiita diski. Ulikivaa hadi umnase mwenzako, ukamvisha yeye; na aliyekuwa nacho jioni alichapwa. Nilikivaa mara nyingi. Nilijifunza kusikiliza wenzangu si kwa ajili ya wanachosema bali kwa ajili ya kuwanasa. Nilipofika chuoni kusomea Kiswahili, wenzangu wa pwani waliyacheka matamshi yangu ya kibara, maana r na l zilikuwa zikinipiga chenga. Nami, badala ya kujifunza huruma, nilipokwisha kuyanyoosha matamshi hayo niligeuka kuwacheka waliokuja nyuma yangu, na kukiita Kiswahili chao kibovu. Kwa hiyo, kicheko cha usiku ule kilinichoma kwa sababu nilikitambua. Kilikuwa changu.

Hapa ndipo penye uzito wa suala hili. Je, sisi tunaosomea Kiswahili tunaipenda lugha, au tunaupenda ushindi? Kiswahili kimeshinda. Ni lugha ya taifa na, tangu Katiba ya mwaka 2010, ni lugha rasmi pia. Kimo katika Umoja wa Afrika. Na tarehe 7 Julai imetengwa na UNESCO kuwa siku yake duniani. Tukitafuta tamasha kubwa la kwenda kulitazama, tutakuwa tumekwenda kujitazama kwenye kioo. Mshindi anahitaji zaidi kumtembelea yule aliyenusurika.

Kilichomo Palenque

Palenque ni neno la Kihispania lenye maana ya boma la miti. Ndivyo walivyojihami watumwa waliotoroka Cartagena na kuingia msituni. Sisi tuna neno letu la kale kwa watu kama hao: watoro. Wenyeji humtaja Benkos Biohó kuwa mwasisi wao. Mtu aliyetekwa Afrika, akatoroka, akawapiga vita Wahispania hadi gavana akalazimika kupatana naye, na hatimaye akanyongwa Cartagena mwaka 1621. Pwani yetu pia ilikuwa na vijiji vya watoro katika karne ya 19, kikiwamo Fuladoyo, na wengine walipata hifadhi Witu. Ni nani kati yetu amewahi kuandika tasnifu kuhusu lugha waliyoizungumza watoro wa Fuladoyo? Hicho kijiji hakina tamasha. Palenque kipo, na bado kinapiga ngoma.

Kwa mwanaisimu, karamu ni nono. Lugha ya Palenque huunda wingi kwa kuweka chembe ma mbele ya nomino. Nyumba ni posá, na nyumba nyingi ni ma posá. Mzizi wa neno hilo ni wa Kihispania, lakini kiambishi kile, kwa mujibu wa wataalamu, kimetoka katika ngeli ya 6 ya Kikongo, ndugu wa ma- yetu ya maji, macho na mayai. Katika mpangilio wa Guthrie, Kikongo kimo katika kanda ya H na Kiswahili katika kanda ya G. Majirani hawa wamekutana tena ng'ambo ya bahari, mmoja akiwa amevaa nguo za Kihispania. Ukanushi nao huwekwa kwa chembe inayokuja mwishoni mwa sentensi, jambo linalowakumbusha wataalamu mwenendo wa Kikongo. Tena vivumishi vyake havina uume wala uke, ilhali Kihispania hakiwezi kuitaja hata meza bila kuipa jinsia.

Na je, mnyama anayechungwa Palenque anaitwaje? Anaitwa ngombe. Ni ng'ombe wetu, aliyepotewa na ritifaa tu! Mtoto huitwa moná, neno ambalo huhusishwa na mwana. Tafakari, msomaji mpendwa, ni watu wangapi walikufa baharini, wangapi walichapwa, wangapi walibatizwa kwa majina ya wengine, na bado neno hilo moja likavuka na kubaki mdomoni mwa mchungaji kwa miaka 400. Mimi sihitaji gwaride la maua kunitoa machozi. Neno hilo lanitosha.

Kwa mwanafasihi simulizi, vilevile kuna mavuno. Mtu anapofariki Palenque, hufanyiwa lumbalú: wanawake huimba na kuomboleza, ngoma ikilia, na maombolezo huendelea kwa siku 9. Sisi tungeyaita matanga. Vijana hujumuika katika makundi ya umri yaitwayo kuagro, ambayo hudumu maishani na kumwajibisha kila mmoja kwa mwenzake katika raha na msiba. Sisi tungeyaita marika. Wanawake husuka nywele kwa mitindo ambayo, inasimuliwa, iliwahi kuficha ramani za njia za kutorokea. Hata peremende za nazi wanazouza hazitamshangaza mtu aliyekula kashata. Utamaduni huu ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu, na katika siku za tamasha vyote hivyo hutolewa hadharani: ngoma, nyimbo, mapishi, ususi na mafunzo ya lugha.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba watu wa Palenque walikataa kuzikwa. Tangu miaka ya 1980, walimu na vijana wao walianza kuirejesha lugha darasani. Katiba ya Kolombia ya mwaka 1991 ilitamka kwamba lugha za makabila ni rasmi katika maeneo yao, na Sheria ya 70 ya mwaka 1993 ikazitambua haki za jamii za watu weusi. Leo mtoto wa Palenque hufundishwa shuleni lugha ambayo babu yake alichekwa kwayo. Tamasha la Ngoma ni sehemu ya kazi hiyohiyo. Ni darasa lililotolewa nje.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni la wale wasemao kwamba Barranquilla ina kila kitu, pamoja na ngoma za Kiafrika, kwa hiyo mjumbe wetu angeona mengi kwa nauli ile ile. Nakubali kwamba angeona mengi. Sidhani kwamba angeongea na wengi. Katika umati wa maelfu kwa maelfu, mgeni hubaki mtazamaji. Katika kijiji ambacho waweza kukizunguka kwa miguu asubuhi moja, mgeni huulizwa jina lake, na jina la kwao, na jinsi kwao wanavyomwita ng'ombe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni asiyemwona.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo lilitolewa na mhadhiri wetu mmoja baada ya kikao. Aliniuliza kama kumpeleka mgeni mmoja zaidi kwenye kijiji kidogo si kukigeuza kuwa jumba la maonyesho. Wanawake wa Palenque wenye mabeseni ya matunda kichwani tayari wamekuwa picha ya kuvutia watalii mjini Cartagena. Wanapigwa picha na watu wasiojua hata kwamba wana lugha. Sina jibu la kuliua pingamizi hili. Nina jibu la kulipunguza makali: aende mtu aliyejiandaa, akae baada ya jukwaa kubomolewa, na aende na kitu cha kutoa, si kamera ya kuchukua tu.

Pingamizi la tatu husema: mbona tusianzie nyumbani? Lamu ina Maulidi na ina tamasha lake la utamaduni. Na katika nchi hii hii Kiyaaku cha Mukogodo na Kielmolo cha Ziwa Turkana vimezimwa na lugha za majirani mbele ya macho yetu. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo inayonisukuma. Sitaki mjumbe wetu aende Palenque ili asahau Mukogodo. Nataka aende kwa watu waliowahi kufika ukingoni mwa kaburi hilo wakarudi, awaulize walirudije. Walianza na nani? Walimfundisha nani kwanza, mtoto au mwalimu? Wazee walioona haya walishawishiwa vipi kufungua midomo yao tena? Kisha arudi atuambie. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Masharti ya safari

Iwapo rufaa yangu itakubaliwa, napendekeza masharti matatu. Mosi, mjumbe ajifunze Kihispania kwa mwaka mzima kabla ya kupanda ndege. Lugha ya Palenque haifikiwi bila kupitia mlango huo, na ni utovu wa adabu kwa mwanalugha kwenda kutetea lugha ya watu kwa kutumia Kiingereza. Pili, asiende mikono mitupu. Abebe kamusi ya Kiswahili, kitabu cha hadithi za watoto, na kanda ya sauti za ngano zetu, avikabidhi shule ya kijiji. Mtoto wa Palenque akiona kwenye ukurasa kwamba watu wa mbali huandika mwana na ng'ombe, huenda akajua kwamba lugha yake haikuokotwa jalalani. Tatu, akirudi asituletee picha na fulana. Atuletee mpango wa kurekodi mzee mmoja, wa lugha moja ya Kenya inayofifia, na sisi sote tumfuate huko kwa gharama zetu wenyewe. Nauli ya Laikipia haihitaji mhisani.

Aidha, tusidhani kwamba njia hii haina nyayo. Mei 2023, Francia Márquez, mwanamke mweusi aliyechaguliwa kuwa makamu wa rais wa Kolombia mwaka 2022, alizuru Kenya katika safari yake ya Afrika. Wao wametutafuta. Kuwajibu kwa kwenda kutazama gwaride lao kubwa ni adabu. Kuwajibu kwa kwenda kusikiliza lugha yao ndogo ni udugu.

Hitimisho

Nimeeleza kwamba matamasha ya Kolombia yote yana thamani yake: Barranquilla kwa fahari, Medellín kwa ushujaa wa ushairi, Cali kwa marimba, Valledupar kwa malumbano. Iwapo msafiri angekuwa mpenda burudani, ningemwambia aende Barranquilla na kunitumia salamu. Msafiri wetu, hata hivyo, atakuwa amebeba jina la chama cha Kiswahili, na chama cha lugha hakina budi kupima tamasha kwa lugha.

Kwa mwenzangu aliyesema maneno yale mawili, sina kinyongo. Alisema hadharani nililokuwa nikilisema faraghani, na kicheko chake kimenizindua. Namwomba mwenyekiti wetu airudishe mada mezani katika kikao cha kwanza cha muhula ujao, na kura ipigwe upya. Nikishindwa tena nitanyamaza. Lakini kabla ya kupiga kura, namsihi kila mwanachama aende nyumbani likizoni, aketi na bibi yake, amwombe amtajie kwa lugha yake majina ya vitu kumi ambavyo yeye hajui kuvitaja. Akishindwa kuyakumbuka hata matano ifikapo kesho yake, basi atakuwa amejua Palenque iko umbali gani kutoka kwake.